Mlango wa Nyumba ya Kungojea

Mke wangu alikuwa na swali moja ambalo aliniuliza kwa miaka mingi, kila niliporudi kutoka kwenye kamati nikiwa na vumbi hadi magotini. "Leo wamekulipa nini?" Jibu alilijua. Tulikuwa wadhamini wa nyumba ya kungojea, wanaume wanne na mwanamke mmoja, na hakuna aliyelipwa chochote. Hata chai tuliyokunywa mikutanoni ilitoka kwa mmoja wetu, Mwislamu mwenye duka na lori, ambaye baba yake alikuja Kitui kutoka pwani na hakurudi tena. Yeye ndiye aliyetufundisha hilo neno. Alisema mdhamini ni mtu anayekitunza kitu kisicho chake kuliko anavyokitunza chake. Nililipenda sana neno hilo, nikalitaja kanisani, nikalitaja sokoni. Kulielewa kulikuwa bado.

Zahanati yetu ilikuwa kando ya barabara itokayo Kabati kwenda mjini Kitui. Ilikuwa na chumba kimoja cha dawa na dresa mmoja, maana ndivyo tulivyomwita mhudumu wa zahanati siku hizo. Wanawake walijifungulia nyumbani kwa mikono ya wakunga, na wengi walijifungua salama. Shida ilikuwa kwa yule ambaye mtoto amekataa kutoka. Huyo alilazwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakambeba nusu siku au siku nzima kuitafuta barabara, na barabarani wakangoja gari ambalo pengine halikuja. Nyumba ya kungojea ilikuwa ya kumaliza hilo. Mama ambaye mkunga amemtilia shaka angekuja mapema, akae hapo wiki mbili tatu, apike, apumzike, na mambo yakiharibika lori la mwenye duka limkimbize hospitali mjini.

Niliingia kwenye kamati kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo. Miaka ya vita, shemeji yangu akiwa jeshini ng'ambo, dada yangu mkubwa alishikwa na uchungu siku mbili. Nilikuwa mmoja wa wale wanne tuliobeba kitanda. Tulitoka asubuhi. Saa saba mchana, tukiwa tumebakisha kilima kimoja kuiona barabara, aliniita akaniambia tumteremshe, amechoka kutikiswa. Nilimkatalia. Nilimwambia avumilie, tumefika. Tulipokiteremsha kitanda juu ya kilima kile alikuwa ameshatutoka, na mtoto tumboni naye. Mpaka leo linaniuma kwamba neno la mwisho alilolisikia kwangu lilikuwa la kumkatalia. Aliacha binti wa miaka kumi na mmoja. Nikamchukua, tukamlea pamoja na wetu.

Kwa hiyo kamati ilipoanzishwa miaka michache baada ya vita, sikuhitaji kubembelezwa. Nilikuwa seremala. Tuliita mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo kijiji kizima hutoka na habaki nyumbani ila mgonjwa, na watu wakaleta mawe, mchanga na maji. Mwenye duka alitoa mabati. Mlango niliutengeneza mimi peke yangu, kwa mbao za mukau nilizokuwa nimeziweka zikauke kwa ajili ya mizinga ya nyuki. Mukau ni mti ambao mchwa huuonja na kuuacha. Niliupiga randa mlango ule mpaka ukawa laini kama kibuyu cha zamani, nikaupaka mafuta, nikaufunga kwa bawaba tatu, kisha nikasimama kuutazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa Mkristo.

Tukangoja wanawake. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Wa pili hakuja mtu. Wa kwanza kuzaa ndani ya nyumba ile alikuwa kuku wa dresa, aliyeingilia dirishani akatotoa vifaranga tisa kwenye kitanda cha pembeni. Watu walicheka hadi Kabati. Nilikwenda boma kwa boma kuuliza. Mmoja aliniambia mbuzi wake hawana mchungaji. Mwingine akasema ni mavuno. Wa tatu alinipa uji, akausifu mlango, akanisindikiza hadi njia panda, na jibu sikupata.

Hapo ndipo nilipoharibu. Jumapili moja nilisimama kanisani nikawaambia wanawake kwamba hawana shukrani, kwamba tumejikamua kwa ajili yao na wao wanapenda kufia njiani. Niliyasema hayo mbele ya wanaume waliozika wake zao. Mke wangu hakunisemesha hadi Jumatano.

Mambo yakakaa hivyo mwaka na zaidi, hadi binti wa dada yangu alipopata mimba yake ya kwanza. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, kwa watu wema wa ukoo mwingine, na mumewe alikuwa kazini Mombasa. Mkunga wa upande ule ndiye yule mwanamke mmoja wa kamati yetu, bibi mwenye mikono midogo na mdomo mkali. Alimpapasa binti mwezi wa saba, akampapasa tena wa nane ulipokuwa ukiisha, kisha akaja kwangu nilipokuwa nikifanyia kazi. Alisema mtoto amekingama tumboni. Amejaribu kumgeuza, amegoma. Alisema pia kwamba nyonga za binti ni zile zile za mama yake.

Nilimwambia hilo ni jepesi, nyumba ipo, aje leo. Mkunga akasema mama mkwe wa binti amekataa. Niliacha patasi pale pale nikaenda moja kwa moja kwa wakwe zetu, hasira imenipanda, nikasahau hata adabu ya kubisha hodi ukweni. Mama mkwe alikuwa akipura mbaazi. Alinipa kigoda, akanijibu polepole bila kuniangalia usoni, kama wakwe wanavyozungumza.

"Huyu msichana nampenda kama nimemzaa mimi. Lakini akiingia nyuma ya mlango ule, mtoto si wetu tena. Ni wenu."

Nilimwuliza wetu kina nani. Sasa akaniangalia, akaona kwamba kweli sijui, na yeye ndiye aliyeona aibu. Aliniambia niende nikautazame mlango.

Nilikwenda. Upande wa nje, juu kidogo ya komeo, pale jicho la mtu anayeingia linapofika kwanza, palikuwa na alama ya ukoo wangu: mistari miwili na nusu duara, imechomwa kwa chuma cha moto, nyeusi na safi. Niliichoma mwenyewe, na sikukumbuka hata kuichoma; jicho langu lilikuwa limeizoea hata haliioni. Tangu ujana wangu kila mzinga niliomaliza kuuchonga niliutia alama ile kabla ya kuutundika, kwa sababu mzinga usio na alama ni wa yeyote, na wenye alama hata ukikaa peke yake porini mwaka mzima hakuna Mkamba atakayeugusa. Mwizi wa asali kwetu hakuwa mwizi wa hivi hivi tu. Mkono wangu ulimaliza kazi ya mbao za mukau, ukafanya ulichozoea. Na kila mama mkwe wa ukoo mwingine aliyefika mbele ya nyumba ile aliambiwa na mlango kwamba kilichomo ndani ni chetu. Asali ni ya mwenye mzinga.

Kesho yake kamati ilikutana dukani. Nilipoeleza, mwenye duka alishika kichwa. Muda wote ule alidhani ni pambo. Wale wanaume wengine wawili walitazama chini. Mkunga hakutazama chini.

"Sisi tulijua siku ya kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha bara, ili mwenye duka naye asikie. "Tukasema, huyu fundi ametoa mbao, ametoa siku zake, na hakuna mtu anafanya kazi ya bure. Hiyo alama ndio mshahara yake."

Nimewahi kupigwa, nimewahi kuanguka kutoka mtini na mzinga mkononi, lakini hakuna kilichoniuma kama maneno yale. Walikuwa wamekaa nami mezani mwaka mzima wakiamini ninangoja kuvuna watoto wa watu. Na adabu yao ndiyo iliyowaziba midomo: mtu haulizwi bei yake akishaitaja.

Niliinuka nikachukue randa niukwangue mlango siku ile ile. Mkunga alinishika mkono. Akaniuliza ni nani kwetu hukwangua alama kwenye mzinga. Nikakaa, maana anayekwangua alama ni mwizi. Watu wangesema nimeifuta nje nikaichoma ndani. Ndipo mwenye duka, ambaye mambo ya nyuki hayajui, akauliza kwa Kiswahili chake kizuri kwani mzinga mmoja hauwezi kuwa na wenyewe wawili. Mkunga akasema haijawahi kutokea. Nami nikasema itatokea, na si wawili tu. Koo zote za pande zile zitachoma alama zao kwenye mlango ule, kila moja kwa mkono wa mzee wake.

Binti alikuwa amebakisha wiki tano, pengine nne. Nilifunga kazi zangu zote. Mteja mmoja alikuja kuulizia kabati lake, nikamwambia akae bila kabati. Nilikwenda kwa wazee wa kila ukoo, na kwa desturi mzee haendewi na ombi kama lile bila pombe ya asali, na mimi nilikuwa mzee wa kanisa nisiyeruhusiwa hata kuinusa. Basi nilipeleka asali yenyewe, na maji kwao yalikuwepo. Walichokifanya baada ya mimi kuondoka si juu yangu. Mchungaji aliniita akanionya, nikamsikiliza kwa heshima, na kesho yake nikapeleka kibuyu kingine.

Walikuja mmoja mmoja, kila mzee na chuma chake. Wengine walifurahi. Mwingine alinifanya nirudi mara tatu, kisha akaichoma alama yake kubwa kuliko zote. Mabati yalikuwa ya mwenye duka, kwa hiyo wazee wakashikilia kwamba naye lazima aweke yake. Alijitetea kwamba hana mzinga wala nyuki. Wakamwambia aweke ile anayoandika kwenye magunia ya sukari. Akaiweka, na nadhani ilimpendeza kuliko alivyoonyesha.

Ukabaki ukoo mmoja, na ndio ukoo wa mume wa binti. Mzee wao wa karibu alinipokea vizuri, akasikitika, akasema hana uwezo. Wao ni nyumba ndogo ya ukoo, iliyovuka mto Athi zamani kutafuta malisho. Chuma cha alama kiko kwa nyumba kubwa, kule milima ya Mbooni, kwa mzee ambaye macho yamekwisha na miguu haimfikishi hata sokoni. Na alama haitumwi kwa mdomo. Mama mkwe alisema alama ile ikiwepo, atamleta msichana yeye mwenyewe. Isipokuwepo, atajifungulia kwake, na Mungu anajua. Hakuwa mkaidi. Mtoto wa mwanawe wa pekee alikuwa tumboni mle, na yeye alikuwa akimlinda kwa njia aliyoijua.

Mzee hawezi kuja kwenye mlango, basi mlango utakwenda kwa mzee. Niliufungua bawaba zake. Mwenye duka alinipa punda wake, nikaufunga mlango ubavu mmoja na gunia la vyakula ubavu wa pili. Mke wangu alinifungia mfuko, akanitazama nikiondoka, na siku ile hakuuliza nalipwa nini.

Punda alinivumilia siku moja na nusu. Tulipofika mto Athi, ulikuwa kiangazi na maji yalifika mapajani tu. Watu wa kivuko waliniambia mamba wako juu kidogo, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza sokoni. Punda aliyatazama maji, akanitazama mimi, akakaa chini. Nilimpiga, nikambembeleza, nikamwombea. Mwishowe nilimwacha kwa watu wa boma la karibu, nikafungua mfuko kutafuta kamba. Chini kabisa nilikuta mukwa wa mke wangu.

Mukwa ni ukanda wa ngozi ambao wanawake wetu hubebea kuni na maji, mzigo mgongoni na ukanda kichwani. Mwanamume habebi kwa mukwa. Hubeba begani, au habebi. Nilikasirika peke yangu pale ukingoni, kisha nikacheka, maana mke wangu alimjua punda wa mwenye duka kuliko nilivyomjua mimi. Nilijaribu begani kwanza, nikashindwa hatua ya kumi. Nikaufunga mlango mgongoni, nikauvaa ukanda kwenye paji la uso, nikaingia majini. Katikati ya mto maji yaliushika mlango yakataka kunigeuza. Nilisimama nimeinama, nikiona maji tu, na nikajiambia kwamba kilima cha dada yangu sitakipanda mara ya pili. Nikavuka.

Njia za Mbooni zinapanda kama ngazi, na kuna ubaridi, migomba na watu wengi njiani. Wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo waliniona, wakaketi kabisa ili wacheke vizuri. Mmoja aliniuliza nimeolewa boma gani. Mwingine, mtu mzima, alinisimamisha, akausogeza ukanda nyuma kidogo kuelekea kwenye nywele, akasema ukikaa hapo shingo haitakufa. Kweli haikufa. Nilipanda nikiwaza kwamba wanawake hubeba hivi kila siku, nyuma kuni na mbele mimba, na mimi niliwasimamia kanisani nikawaita watu wasio na shukrani. Niliona haya, nikaongeza mwendo.

Mzee alikuwa amekaa uani kwake kati ya maharagwe yaliyoanikwa, wana na wajukuu wamemzunguka. Nilimlazia mlango mbele yake. Aliupapasa kwa vidole, alama moja baada ya nyingine, akitaja ukoo wa kila moja bila kukosea. Alipofika kwenye alama ya magunia alikwama, nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa. Halafu vidole vyake vikafika kwenye yangu, vikakaa hapo.

"Hii ndiyo ya kwanza," alisema. "Unalipwa nini?"

"Silipwi."

"Asiyelipwa leo hudai kesho."

Hasira ilinipanda tena. Nilimwambia nimevuka Athi na mlango kwa mukwa kama mwanamke, shingo yangu imevimba, punda wa watu nimemwacha njiani, na yeye ananiuliza habari ya kulipwa. Nikamwambia habari za dada yangu, za kitanda na kilima na neno nililomkatalia. Sikuwa nimepanga kuzisema. Nilizisema zote, na nikalia mbele ya watu wasionijua, mwanamume mzima mwenye alama ya ukanda kwenye paji la uso.

Mzee alingoja nimalize. Kisha akaniambia atachoma alama yake nikitamka mbele ya watu wa nyumba yake kwamba mlango ule si wangu. Ni jambo dogo, lakini nilianza kuhesabu vilivyo vyangu. Mbao zilikuwa zangu. Randa ilikuwa yangu. Shingo iliyoubeba ilikuwa yangu. Hapo ndipo nilipolielewa lile neno la mwenye duka, mdhamini, na nililielewa kwa uchungu.

"Mlango huu si wangu," nilisema. "Watakaongoja nyuma yake si wa ukoo wangu, wala watoto wao. Sitaudai, na mwanangu hataudai."

Alinitaka niseme tena, kwa sauti. Nikasema tena. Wakaleta chuma, wakakitia motoni, na mjukuu akamshika mkono akichoma. Mkono ulitetemeka, alama ikatoka imepinda. Aliipapasa ikiwa bado na joto, akasema hiyo hiyo inatosha.

Nilirudi, nikamchukua punda, ambaye alikuwa amenenepa, nikaufunga mlango kwenye bawaba zake. Mama mkwe alikuja asubuhi ya siku ya pili akimshika binti mkono. Aliitazama ile alama iliyopinda kwa muda. Akausukuma mlango mwenyewe, akaingia wa kwanza, akamfukuza kuku wa dresa, akafagia.

Binti alingoja humo siku tisa. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, chupa ya uzazi ilipasuka na mkono wa mtoto ukatangulia. Mkunga alikuwepo, dresa alikuwepo, na lori lilikuwa dukani limejaa sukari. Mwenye duka aliyamwaga magunia barabarani na kuyaacha hapo. Nilipanda nyuma na binti, nimemshika. Tulipopita chini ya kile kilima nilimwona ameuma midomo hadi damu, nikamwuliza kama nimwambie dereva apunguze mwendo.

"Usimwambie, Mjomba. Aende tu."

Hospitalini walimpasua. Mtoto alikuwa msichana, mzima, na alilia kwa hasira ambayo mke wangu alisema anajua imetoka upande gani. Nilifurahi hadi nikaogopa. Mama mkwe alimpokea mjukuu wake, akamkagua vidole, kisha akanigeukia.

"Kumbe hata hakuzaliwa nyuma ya ule mlango," alisema. "Ulibeba bure."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza vitanda vyote vilikuwa na wenyewe, na baada ya mwaka tulikuwa tukitandika mikeka chini. Walikuja wa kila alama. Walikuja hata wake wa Waislamu wa Kabati. Wakati mwingine nilipita hapo bila shughuli yoyote, nikasikia wanawake wakibishana juu ya chumvi ndani, nikaendelea na safari yangu nimeshiba. Sijui nilielezeje zaidi ya hapo.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa ikielekea kwisha, kamati iliamua kujenga nyumba kubwa zaidi ya mawe. Mkunga alikuwa ameshazeeka, akastaafu, na aliyeshika kiti chake ni binti wa dada yangu. Nilikuwa na ombi moja. Nilingoja hadi mwisho wa mkutano, nikasema kwamba nyumba ya zamani ikibomolewa ningependa nipewe ule mlango nikauweke kwangu. Nilisema ni kumbukumbu tu. Nilidhani ni jambo lisilohitaji hata kujadiliwa, na nakiri nilikuwa nimeshapima pa kuuweka.

Wanaume walitazama chini, kama walivyotazama zamani. Binti hakutazama mtu. Mtoto wake alikuwa upande wa mbele wa duka akichezea mizani, tukimsikia.

"Hapana, Mjomba," alisema. "Ule mlango iko na wenyewe. Wewe ndio ulisema hivyo Mbooni."

Mwenye duka alikunywa chai ili asionekane anacheka. Nilitaka kukasirika, nikaitafuta hasira yangu ya siku zote, sikuiona. Waliamua mlango uhamie nyumba mpya, na kwa kuwa fremu ya mawe ilikuwa nyembamba kidogo, wakaniomba niupunguze ukingo. Nikaupunguza siku nzima, polepole, nikihakikisha randa haigusi alama hata moja.

Nilirudi nyumbani nimejaa unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Leo wamekulipa nini?"

"Leo," nilimwambia, "wamenikatalia."

Alinipangusa nyusi kwa kanga yake, akaniambia niingie nile.